Kutoga ni Dakika, Kupona ni Msimu

Ndewe zangu za kwanza alinitoga bibi, hapa hapa Kiberege, kwa sindano ya kushonea na uzi mweusi uliopakwa mafuta. Baada ya wiki kadhaa akauvuta uzi, akachomeka kijiti cha ufagio mpaka baba alipopata hela ya hereni. Matundu mengine nimejitafutia mwenyewe ukubwani, pamoja na kipini cha pua. Kwa hiyo ukiniambia kutoga mwili ni kuiga Wazungu, utanichekesha. Bibi wa Kimakonde alivaa ndonya kwenye mdomo wa juu, Wamaasai wanaopitisha ng'ombe bondeni kwetu wamevuta ndewe tangu enzi, na wanawake wa mwambao walivaa majasi. Kipya ni kwamba vijana wanatoga kwa kujifurahisha, tundu baada ya tundu, na wengi wana haraka. Haya ndiyo ninayowaambia wakiniuliza.

1. Tazama kalenda ya shamba kabla ya kutazama kioo.
Sindano inapita kwa sekunde moja, lakini kinachobaki ni kidonda. Ndewe ya chini, ile nyama laini, hupona kwa wiki 6 hadi 8. Pua huchukua miezi kadhaa. Gegedu la juu ya sikio na kitovu huweza kula miezi 6 hadi mwaka mzima. Sasa piga hesabu zako. Masika yakishika kuanzia Machi, sisi huku tuko majarubani, tope hadi magotini, mkono huohuo wenye tope ndio unaofukuza mbu sikioni. Mimi nasema toga mpunga ukishaingia ghalani. Ukitoga ndewe wiki ya kwanza ya Agosti, mwisho wa Septemba umeshapona na jembe bado limelala. Kiangazi kina vumbi lake, lakini vumbi unalizuia kwa kitambaa safi. Tope halina kizuizi.

2. Mtazame fundi mikono, si picha alizobandika ukutani.
Fundi mzuri ananawa kwa sabuni, anavaa glavu mpya, anasafisha ngozi yako, anaweka alama kwa kalamu na kukupa kioo uikubali. Kisha anafungua pakiti ya sindano mbele ya macho yako. Akimaliza, sindano inaingia kwenye boksi gumu la kutupia, haitumiki tena kwa mtu yeyote, hata kwa pacha wako. Vifaa vyake vya chuma vinapitia otoklevu, chombo cha mvuke wenye mgandamizo, nyuzi joto 121 kwa dakika zisizopungua 15. Kuchoma sindano kwa kibiriti kunaacha masizi tu, na kuifuta kwa spiriti hakutoshi. Kirusi cha homa ya ini B kinaweza kuishi kwenye kitu kikavu kwa siku 7, kikimsubiri mteja anayefuata. Ukiona sindano inachomolewa kwenye kipande cha sponji, sema umesahau simu nyumbani, uondoke.

3. Bastola ya kutogea iache, hasa kwa sehemu ya juu ya sikio.
Hapa nina ushahidi. Nilitogewa gegedu kwa bastola kwenye saluni moja ambayo sitaitaja. Ilipiga *ta!*, nikacheka, nikalipa. Siku ya nne sikio lilikuwa la moto kama chungu cha ugali, silalii upande ule. Nilipona kwa dawa za hospitali, lakini kibonyeo kimebaki mpaka leo. Baadaye ndiyo nikaelewa. Sindano ya kutogea ina tundu katikati na ncha kali, inakata njia safi. Bastola inasukuma hereni yenye ncha butu kwa nguvu ya springi, na gegedu linapondeka. Gegedu nalo halina mishipa yake ya damu, kwa hiyo likishambuliwa na vijidudu msaada unafika polepole. Isitoshe, bastola nyingi zina plastiki, ukizitia kwenye otoklevu zinayeyuka, basi zinafutwafutwa tu kati ya mteja na mteja.

4. Usione aibu kuuliza zahanati.
Kama hujapata fundi unayemwamini, muulize muuguzi unayemfahamu kama anatoga, au kama anamjua anayetoga vizuri. Ukiwa njiani kwenda Ifakara kwa shughuli zako, uliza huko pia. Nauli ya safari moja ni nafuu kuliko kibonyeo changu.

5. Hereni ya mnadani ni ya baadaye.
Hereni za bei ya chini mara nyingi zina nikeli, na nikeli ndiyo inayowasha na kutoa majimaji watu wakadhani ni uchafu. Kwa tundu bichi tafuta titani ya kiwango cha kitabibu, au dhahabu ya karati 14 kwenda juu. Uzi wa bibi ulikuwa na mapenzi mengi, lakini uzi hunywa majimaji na kukaa na vijidudu. (Bibi angenisikia angeninyima wali.)

6. Chumvi, basi.
Chemsha maji, chukua kikombe cha mililita 250, tia robo kijiko cha chai cha chumvi, acha yapoe. Nawa mikono, osha tundu mara mbili kwa siku, kausha kwa kitu safi kisichoacha nyuzi. Kuzungusha hereni hakuna faida, kunafungua kidonda upya. Usipake dawa ya mswaki wala majivu, na usipasue kidonge cha rangi mbili ukamwagia unga wake juu. Ile ni dawa ya kumezwa kwa maelekezo ya daktari, si poda.

Uvimbe kidogo na majimaji meupe yanayokauka kuwa gamba ni kawaida. Usaha wenye harufu, wekundu unaosambaa au homa si kawaida, nenda kituo cha afya. Usiitoe hereni mwenyewe, maana tundu likijifunga usaha unabaki ndani.

7. Mtoni usiingie.
Najua, maji yanayoshuka Udzungwa yanang'aa, na joto la bonde halina huruma. Lakini kuna bakteria wa majini wanaolipenda gegedu kuliko wewe unavyopenda kuogelea.

8. Waulize wa nyumbani kuhusu makovu.
Keloidi, lile kovu linalokua likapita kidonda chenyewe, hutusumbua zaidi watu weusi, na hutembea na ukoo. Kama shangazi yako ana kinundu kwenye ndewe, au kovu lako la chanjo begani limenona, fikiri mara mbili, na gegedu uliache kabisa.

9. Wengine waanze kwa daktari.
Wenye kisukari, wenye matatizo ya valvu za moyo, wanaotumia dawa za kuzuia damu kuganda. Wajawazito wasubiri. Hakikisha umepata chanjo ya pepopunda. Chanjo ya homa ya ini B iliingia kwenye chanjo za watoto Tanzania mwanzoni mwa miaka ya 2000, hivyo sisi tuliozaliwa kabla ya hapo huenda hatuna.

10. Kitovu na ulimi.
Fundo la kanga linakaa pale pale penye kitovu, kila siku, kwa mwaka. Ulimi hupona haraka, lakini chuma kinagonga meno hadi yanapasuka. Mimi huko sitogi, wewe amua.

11. Wanafunzi.
Shule itakuambia uvue, na tundu bichi likivuliwa hereni huweza kuanza kuziba siku hiyo hiyo. Likizo ya Juni haifiki wiki 6. Binti wa dada yangu yuko kidato cha nne, hereni zake za titani zimo kwenye pakiti sandukuni, na tumekubaliana Novemba, jioni ya mtihani wa mwisho. Mvua zikiwahi mwaka huo, jarubani nitaingia mimi badala yake.