Kokolo Aliuawa, Kokolo Imefungwa: Sarufi ya Jina la Afisa Linapogeuka Mahali

Katika mwaka wangu wa kwanza niliandika, kwenye kazi ya somo la majina, kwamba Kambi Saio ya Bukavu inaitwa hivyo kwa heshima ya afisa mmoja shujaa. Mwalimu alipiga mstari chini ya neno "afisa" na kuandika pembeni: "Alizaliwa wapi?" Sikuwa na jibu, kwa sababu Saio si mtu. Ni mji wa Ethiopia ambako Jenerali Gazzera wa Italia alijisalimisha Julai 1941 mbele ya Force Publique, jeshi la Kongo ya Wabelgiji. Kosa langu lilikuwa la historia, lakini chanzo chake kilikuwa sarufi. Nilidhani umbo "Kambi + jina" linatosha kunionyesha kama jina hilo ni la mtu, la vita au la kijiji. Halitoshi. Makala hii inauliza ni nini basi kinachotuonyesha, na kwa nini swali hilo lina uzito kwa watu wa Masisi na Walikale.

Tuanze na maafisa wa kweli. Kambi kubwa ya Kinshasa iliyoitwa Léopold II zama za ukoloni leo ni Kambi Kokolo. Kanali Kokolo aliuawa Novemba 1960 katika mapigano kwenye ubalozi wa Ghana, mji ukiitwa bado Léopoldville. Kambi Tshatshi, katika wilaya ya Ngaliema, ina jina la Kanali Tshatshi, aliyeuawa Kisangani mwaka 1966 wakati wa uasi wa askari wa Katanga. Tanzania nayo imefanya vivyo hivyo. Kambi ya Colito jijini Dar es Salaam, iliyopewa jina la vita vya mwaka 1941 huko Ethiopia, ilibadilishwa ikawa Lugalo, mahali ambapo Wahehe wa Mkwawa waliwashinda Wajerumani mwaka 1891. Kambi ya Twalipo, huko Mgulani, ina jina la Jenerali Abdallah Twalipo, aliyekuwa Mkuu wa Majeshi.

Tofauti ya kwanza inaonekana wazi: Tanzania husema "Kambi ya Twalipo", Kongo husema "Kambi Tshatshi". Kiunganishi -a kimeanguka kwetu kwa sababu tumefuata muundo wa Kifaransa, kama tunavyosema "Avenyu Lumumba". Lakini kuwepo au kutokuwepo kwa -a hakutatui fumbo letu. "Kambi ya kanali" inaweza kuwa kambi anayoiongoza, kambi anamolala, au kambi inayomkumbuka. Kiunganishi hiki hubeba umiliki, asili, matumizi na kumbukumbu bila kubagua.

Kinachotatua ni upatanisho wa kisarufi. Linganisha sentensi hizi:

(1) Kokolo aliuawa mwaka 1960.
(2) Kokolo imefungwa tangu asubuhi.

Katika (1) kiambishi a- kinamweka Kokolo katika ngeli ya watu. Katika (2) neno "kambi" limeachwa, lakini upatanisho wake i- umebaki na kulishika jina. Hapo ndipo afisa anapogeuka mahali. Mzungumzaji wa (2) anaweza kuwa hajui kabisa kwamba Kokolo alikuwa mtu, na sentensi yake ikawa sahihi. Nimechagua kitenzi "imefungwa" kwa makusudi: katika baadhi ya lahaja za Kongo "iko" husemwa hata kwa mtu, kwa hiyo "Kokolo iko Kinshasa" isingetupa ushahidi.

Sasa twende Masisi na Walikale. Huko kambi nyingi zinajulikana kwa jina la kijiji zilipo: Mushaki, Mubambiro. Jina la kijiji lina faida moja: halibadiliki mwenye bunduki anapobadilika. Masisi-kati iliingia mikononi mwa M23 Januari 2025. Mji wa Walikale ulitekwa Machi mwaka huohuo, kisha waasi wakaondoka Aprili. Kambi zilibadilisha wenyewe, vijiji havikubadilisha majina.

Lakini kuna muundo wa tatu, na huu haungoji amri ya wizara: kwa + jina la mtu.

(3) Kwa Sheka kumetulia.

Upatanisho hapa ni ku-, wa mahali. Ntabo Ntaberi Sheka aliongoza kundi la NDC huko Walikale tangu 2009. Alijisalimisha Julai 2017, na Novemba 2020 mahakama ya kijeshi mjini Goma ilimhukumu kifungo cha maisha, kwa makosa yakiwemo mauaji na ubakaji. Msafiri anayesema "tumefika kwa fulani" hamsifu fulani huyo. Anamwambia mwenzake ni nani anayekusanya pesa kwenye kizuizi kilicho mbele. "Kwa" hutaja aliyepo. Hakuulizi kama alistahili kuwepo.

Mtu atasema: mkuu akiondoka, "kwa" yake huondoka naye. Hapo mwanzo na mimi niliamini hivyo. Lakini Dar es Salaam ina Mtoni kwa Aziz Ali, na jina hilo linaendelea kutumiwa na abiria ambao wengi wao hawakumjua Aziz Ali. Kwa hiyo "kwa" inaweza kuganda ikawa ramani. Mahali pasipopewa jina na mtu yeyote, jina la aliyeogopwa zaidi linaweza kubaki, kwa sababu tu ndilo lililotamkwa mara nyingi zaidi. Nadhani hilo ndilo jambo la kutupa wasiwasi.

Tufanye zoezi. Kanali Mamadou Ndala, aliyeongoza vikosi vya makomando dhidi ya M23 mwaka 2013, aliuawa karibu na Beni tarehe 2 Januari 2014. Mazishi yake yalifanyika Kinshasa, katika Kambi Kokolo: kanali mmoja aliagwa ndani ya jina la kanali mwingine. Tuchukulie kwamba njia moja ndani ya kambi ya Mubambiro inapewa jina lake. Tuandike nini kwenye kibao?

"Kwa Ndala" haifai. Ingemfanya mwenye kizuizi. "Avenyu Ndala" inafaa kwa masikio yetu, lakini baada ya miaka hamsini mwanafunzi mwingine atauliza, kama mimi na Saio, kama Ndala ni mtu, mto au kilima. Ningependekeza "Avenyu Kanali Ndala". Cheo kinafanya kazi ambayo kiunganishi kimeshindwa kuifanya: kinalihifadhi jina katika ngeli ya watu. Hata wasemaji wakifupisha na kusema "Ndala imefungwa", kibao kitaendelea kusema kwamba palikuwa na mtu. Na kama nafasi ipo, mwaka wa kifo chini ya jina utasaidia kuliko sifa yoyote.

Pendekezo hili ni dogo, na halihitaji bajeti kubwa. Linahitaji mtu wa kukaa mezani wakati majina yanapotolewa, anayejua tofauti ya a-, i- na ku-. Wenzangu wa idara hii tumezoea kudhani kwamba ngeli ni za mtihani. Siku Masisi na Walikale zitakapotulia na njia zao kuhitaji vibao, kuna atakayeuliza waandike nini. Tusiache "kwa" ijibu kabla yetu.