Aneurizimu ya Ubongo: Maswali Yanayoulizwa Sana

Aneurizimu ni nini?
Ni sehemu ya ateri, yaani mshipa unaopeleka damu kutoka moyoni, ambayo ukuta wake umelegea na kutuna, mfano wa tyubu ya baiskeli inayochomoza penye tairi bovu. Si saratani. Kati ya watu wazima 100, kama 3 wanayo ubongoni, na wengi huzeeka nayo bila kujua.

Ni kweli huwapata zaidi wanawake?
Ni kweli, hasa kuanzia umri wa miaka 50. Sababu inayotajwa sana ni kupungua kwa estrojeni, homoni ya kike inayosaidia kulinda kuta za mishipa, baada ya hedhi kukoma. Wanawake pia ndio mara nyingi hukutwa na aneurizimu zaidi ya moja.

Basi ikipasuka, mwanamke ana nafuu ndogo kuliko mwanamume?
Sivyo. Wagonjwa wa umri na hali moja wakilinganishwa, matokeo hukaribiana. Kinachoamua zaidi ni hali aliyofika nayo hospitali: anaongea, au amepoteza fahamu? Kwa wote ni hatari, maana takriban mmoja kati ya watatu hufariki.

Nitatambuaje kuwa imepasuka?
Mama anafua, mara anaacha nguo na kushika kisogo: maumivu ya kichwa yamefika kileleni ndani ya dakika moja, makali kuliko yote aliyowahi kupata. Huenda akatapika, shingo ikakakamaa, kope moja ikaanguka au akazimia. Asiambiwe ni uchovu au mambo ya umri.

Wengine husema ametupiwa jini.
Mtu kuanguka ghafla kunatisha, na familia hutafuta sababu. Hii ni damu inayovuja kuzunguka ubongo. Dua haikatazwi, isomwe njiani kuelekea hospitali.

Tumpe dawa gani nyumbani?
Msimpe aspirini, kwani hufanya damu ichelewe kuganda. Akiwa hana fahamu, mlazeni ubavu na msimnyweshe chochote.

Hospitalini kutafanyika nini?
Atapigwa CT-scan, picha ya ndani ya kichwa, na pengine kutolewa maji kidogo ya uti wa mgongo. Aneurizimu huzibwa kwa kibanio kidogo cha metali kupitia upasuaji, au kwa nyuzi laini za metali zinazopitishwa ndani ya mshipa kutoka kwenye paja. Mgonjwa au familia ana haki ya kuelezwa njia zote mbili kabla ya kutia sahihi, na nchini Kenya Ibara ya 43 ya Katiba inakataza kumnyima mtu matibabu ya dharura.

Nijikinge vipi?
Acha sigara, ambayo inaonekana kuwadhuru wanawake zaidi katika ugonjwa huu, na tibu presha. Ukiwa na ndugu wawili wa karibu, yaani wazazi, kaka, dada au watoto, waliowahi kuugua, muulize daktari kuhusu kupimwa mapema.

Na jambo moja dogo: angalieni saa maumivu yalipoanza, mwambieni daktari. CT-scan huonyesha damu kwa uhakika zaidi ndani ya saa 6 za kwanza.