Kuomba na kutoa msaada kwa Kiingereza cha kila siku

Somo la leo linawahusu hasa wenzetu waliosoma kwa Kifaransa huko Goma, Bukavu au Bujumbura, kisha wakaja kuendelea na masomo hapa Uganda, ambako mihadhara, mitihani na fomu zote ni kwa Kiingereza. Wengi wao wanaweza kusoma kitabu kizima cha uchumi wakakielewa. Lakini kumwomba jirani kalamu, au kumuuliza mkutubi kitabu kiko rafu gani, kunawapa taabu, na mwisho wanakaa kimya hata penye haja kubwa.

Tuanze na hodi. Kwetu humvamii mtu na shida yako. Unamsalimu, unamuuliza habari za nyumbani, ndipo unasema una shida kidogo. Kiingereza nacho kina hodi yake, ila ni fupi: "Excuse me." Mtu akikugeukia, umeshakaribishwa, sema haja yako. "Sorry" iweke kwa ajili ya kumkanyaga mtu. Hapa Uganda watu huitumia pia kama pole, mtu akijikwaa wanamwambia "Sorry". Usishangae Mwingereza akikujibu kwamba hukumsukuma wewe.

Katika Kiswahili, "nipe kalamu" ikisemwa kwa sauti laini haimuudhi rafiki. "Give me a pen" ni amri, hata ukitabasamu. Sema "Could I have a pen, please?" Hiyo "please" usiibanie, maana Kiingereza hakina "naomba" ya kuibeba adabu yote peke yake.

Kosa linalosikika sana hosteli ni "Borrow me your charger." Chanzo chake ni neno letu kuazima. Sisi tunasema "niazime chaja yako" na pia "nimeazima chaja ya fulani", kitenzi kilekile kwa anayetoa na anayechukua. Waingereza wamewagawa: anayetoa "lends", anayechukua "borrows". Kwa hiyo ama "Could you lend me your charger?" ama "Could I borrow your charger?" Zote mbili ni sawa, chagua moja uizoee.

Sasa tufike penye mtego mkubwa, na hapa naomba usome polepole. Tuseme kuna kipindi cha mazoezi siku ya Ijumaa mchana, nawe unataka kuondoka mapema uwahi sala. Unamwendea mhadhiri kwa heshima: "Excuse me, sir. Would you mind if I left at half past twelve on Friday? I have to go for prayers." (Saa sita na nusu yetu ndiyo hiyo "half past twelve", ukitafsiri namba peke yake utaomba ruhusa ya jioni.) Mhadhiri anajibu, "No, not at all." Mwanafunzi asiyejua anasikia "No", anainamisha kichwa, na Ijumaa anabaki darasani huku wenzake wako msikitini. Kumbe aliruhusiwa! "Would you mind" maana yake ni "je, utaona vibaya?" Aliyejibu "No" amesema hapana, sitaona vibaya, nenda. Kinyume chake pia kina hatari. Dada akikuuliza maktabani, "Do you mind if I sit here?" nawe ukamjibu "Yes" kwa ukarimu, umemfukuza. Jibu "No, go ahead," au "Not at all."

Na anayekataa kweli utamjuaje? Mara nyingi hasemi "No" kavu. Huanza na "I'm afraid", kwa mfano "I'm afraid that's not possible." Hapo hakuna anayeogopa kitu. Ni samahani ya mtu anayekunyima.

Upande wa kutoa msaada ni mwepesi zaidi. Ukimwona mwenzako ameelemewa na mzigo, mwambie "Shall I carry that for you?" au "Do you need any help?" Utasikia pia "Can I give you a hand?" Yupo dada mmoja aliyesikia hivyo akaurudisha mkono wake ndani ya baibui upesi, akidhani kaka yule anataka kushikana naye mkono. Maskini kaka wa watu, alitaka kubeba sanduku tu.

Ukikubali msaada, sema "Yes, please." Ukikataa, "No, thank you. I can manage." Waliozoea Kifaransa waangalie hapa: kule "merci" tupu, na mkono ukiinuliwa kidogo, huweza kuwa kukataa. Kwa Kiingereza, ukiulizwa wakati wa kufuturu "Would you like some more porridge?" ukajibu "Thank you" peke yake, mara nyingi bakuli litajazwa. Ukishukuriwa wewe, jibu "You're welcome" au "Don't mention it." Hilo la pili si onyo kwamba asimwambie mtu. Ni kama kusema si kitu.

Kuna wakati adabu zote hizi hazina nafasi. Mwenzako wa chumbani ameanguka na hasemi: piga kelele "Help!" kisha useme wazi, "My roommate has fainted. Please call an ambulance." Usitafute "could" wala "would".

Zoezi. Sahihisha: "Borrow me twenty thousand shillings." Mwenzako anakuuliza, "Do you mind if I use your prayer mat?" nawe umeridhika, utamjibuje? Mwisho, andika namna ya kumwomba mhadhiri siku mbili zaidi za kukamilisha kazi yake. Jaribuni wawili wawili, kwa sauti, mmoja akiwa mhadhiri. Majibu tutayatoa toleo lijalo, inshaallah.