Mafunzo Niliyopata kwa Nyota Zinazobadilika Mng'ao

Vijana wanaopenda nyota huniuliza kwanza bei ya darubini. Huwaambia waanze na macho waliyonayo na daftari. Nyota badilifu zinamtaka mtu aandike alichokiona, aweke saa sahihi, kisha akipeleke kwa wanaokihitaji.

1. Pima nyota kwa jirani zake

Februari 2020 pale Tanga, kaskazi ilikuwa imesafisha anga. Nilitoka saa mbili usiku kuitazama Betelgeuse, ile nyekundu ya kundi la Jabari. Kwa kawaida magnitudi yake ni karibu 0.5, na kadiri namba inavyokuwa kubwa ndivyo nyota inavyofifia. Nikailinganisha na jirani yake Bellatrix, yenye 1.6, nikashindwa kabisa kusema ipi inaizidi nyingine. Nilistaajabu: nyota niliyoijua tangu utotoni imepoteza zaidi ya nusu ya mwanga wake, na nimeligundua hilo nikiwa nimesimama uani bila chombo chochote! Watafiti walikuja kueleza kwamba ilikuwa imetema gesi, gesi hiyo ikapoa ikawa vumbi, vumbi likakinga mwanga.

Nyota yako ikiangukia kati ya mbili, gawanya nafasi. Mwishoni mwa Desemba 2019 Betelgeuse ilikuwa kama katikati ya Aldebaran (0.9) na Bellatrix, kwa hiyo 1.3. Chagua za kulinganishia zilizo kimo kimoja nayo, kwa sababu iliyo chini karibu na upeo hufifishwa na hewa. Nyekundu usizikodolee macho: ukizitazama mno huonekana zinazidi kung'aa. Tupia jicho, hamia kwa jirani, rudi.

2. Andika kabla ya kusema

Usiku mmoja tulikaa watatu barazani, kila mtu na karatasi yake, tukakubaliana asitaje mtu namba mpaka wote tumeandika. Tulitofautiana kwa sehemu mbili za kumi. Kijana mmoja akataka kufuta yake ifanane na yangu kwa kuwa mimi ndiye mkubwa. Nikamzuia. Chama cha watazamaji wa nyota badilifu cha Marekani, AAVSO, kilichoanzishwa 1911, hupokea makadirio kutoka kwa mtu yeyote duniani, na macho mengi yanayokadiria kila moja kivyake ndiyo yanayotoa mchoro wa mng'ao wa kuaminika. Namba iliyofutwa kwa heshima ya mzee haimsaidii mtafiti. Kwa sababu hiyohiyo, usifungue ukurasa wa jana kabla ya kuandika wa leo.

3. Saa

Taarifa hutumia siku za Julian, yaani siku zinazohesabiwa mfululizo bila mwezi wala mwaka, zinazoanza saa sita mchana kwa saa za dunia, yaani saa tisa alasiri kwetu. Raha yake ni kwamba usiku wetu mzima hubaki ndani ya siku moja. Saa mbili usiku ya tarehe 20 Februari 2020 ni 2458900.21.

4. "Sikuiona" nayo ni taarifa

Nyota T Coronae Borealis kwa kawaida ina magnitudi 10, jicho tupu haliioni. Ililipuka 1866 na tena 1946, ikaonekana bila darubini. Anayeikagua kwa macho na asiione huandika alama ya "dhaifu kuliko" pamoja na magnitudi ya nyota hafifu kabisa aliyoiona hapo, mathalani <4.1. Mwenzangu aliona hiyo ni kazi bure. Mimi naiona ni kazi kubwa: nyota ya namna hii ikilipuka, "sikuiona" ya mwisho ndiyo inayobana saa ya mlipuko.

Na zile zinazodhaniwa zimetulia zikague pia. Mwaka 2000 Sebastián Otero wa Argentina aligundua kwa macho matupu kwamba Delta Scorpii, katika kichwa cha kundi la Nge, imeongeza mng'ao. Juni hadi Agosti Nge hupita karibu na utosi wetu huku pwani. Anza na Delta Scorpii.