Emmy Noether na Kipimo cha Kazi ya Mwanaaljebra

Kazi ya mtaalamu wa sayansi hupimwa kwa njia nyingi. Mojawapo, iliyoenea sana tangu Eugene Garfield alipozindua faharasa yake ya marejeo huko Philadelphia, Marekani, mwaka 1964, ni kuhesabu makala za mtaalamu zimetajwa mara ngapi katika makala za wengine. Hesabu hiyo ina manufaa yake, lakini katika aljebra yaweza kupotosha. Maisha ya Emmy Noether ni mfano ulio wazi.

1. Safari ya utafiti

Noether alizaliwa mwaka 1882 mjini Erlangen, Ujerumani, ambako baba yake, Max Noether, alikuwa profesa wa hisabati. Kwa kuwa chuo kikuu cha mji huo hakikuwa kikiwaandikisha wanawake, alianza kuhudhuria mihadhara kama msikilizaji tu. Aliandikishwa rasmi mwaka 1904. Alipata shahada ya udaktari mwaka 1907 chini ya Paul Gordan. Tasnifu yake iliorodhesha fomula 331 zilizopatikana kwa ukokotoaji mrefu, na baadaye yeye mwenyewe aliidharau.

Kuanzia mwaka 1908 hadi 1915 alifanya kazi Erlangen bila mshahara. Kisha David Hilbert na Felix Klein walimwita Göttingen. Huko nako mihadhara yake ilitangazwa kwa jina la Hilbert, mpaka alipopewa idhini ya kufundisha mwaka 1919. Mwaka 1918 alikuwa amekwisha chapisha kanuni inayoonyesha kwamba hifadhi ya nishati na kanuni nyingine za hifadhi katika fizikia hutokana na ulinganifu uliomo katika sheria za maumbile.

2. Wazo la mwaka 1921

Mfumo ambao ndani yake twaweza kujumlisha, kutoa na kuzidisha, kama ule wa namba kamili, huitwa pete. Ndani ya pete mna seti maalumu ziitwazo idiali: jumla au tofauti ya memba wawili wa idiali hubaki humo humo, na memba akizidishwa kwa kitu chochote cha pete, jibu pia hubaki humo.

Katika namba kamili, vigawe vya 24 ni idiali. Vyote vimo katika vigawe vya 12. Hivyo navyo vimo katika vigawe vya 6, kisha vya 3, na mwisho vya 1, yaani namba kamili zote. Mnyororo umekoma. Haukuweza kuendelea bila kikomo, kwa sababu kila hatua huchukua kigawo cha namba iliyotangulia, na 24 ina vigawo 8 tu.

Si kila pete ina sifa hiyo. Katika polinomia zenye herufi zisizo na idadi, idiali yaweza kuanza na herufi moja, ikaongezwa ya pili, ya tatu, na kuendelea. Mnyororo huo haukomi kamwe.

Mwaka 1921 Noether alionyesha kwamba sharti hili moja, la mnyororo unaopanda kukoma, latosha kuzichambua idiali kwa namna inayofanana na kuichambua namba katika vigawo tasa. Emanuel Lasker, aliyekuwa pia bingwa wa dunia wa sataranji, alikuwa amethibitisha jambo hilo kwa polinomia mwaka 1905 kwa ukokotoaji mgumu. Noether aliuondoa ukokotoaji, akabakiza sababu.

3. Athari isiyohesabika

Makala zake zote hazifiki 50. Mawazo yake mengi yalienea kupitia wengine. B. L. van der Waerden alikitunga kitabu chake cha aljebra ya kisasa, kilichotoka katika juzuu mbili mwaka 1930 na 1931, kwa kutumia mihadhara ya Emil Artin na ya Noether, na akatamka hivyo katika ukurasa wa jina. Waliojifunza kwa kitabu hicho walikitaja chenyewe, si makala ya mwaka 1921.

Mwaka 1933 utawala wa Wanazi ulimwondoa kazini kwa kuwa alikuwa Myahudi. Alihamia chuo cha Bryn Mawr, Marekani, akafariki tarehe 14 Aprili 1935 baada ya upasuaji, akiwa na umri wa miaka 53.

Leo pete yenye sharti lile huitwa pete ya Noether. Mwanahisabati anayeandika maneno hayo haoni haja ya kutaja makala yoyote, kama vile asemaye pembe mraba asivyomtaja Euclid. Hivyo wazo likishakuwa sehemu ya lugha, faharasa hulipoteza. Noether mwenyewe alikuwa mwaminifu katika kutoa sifa: alizoea kuwaambia wanafunzi kwamba yote yalikwisha kuwamo katika kazi za Richard Dedekind. Idadi ya marejeo hueleza nani anasomwa sasa. Haielezi nani amebadili namna ya kufikiri.

Maswali

1. Anza na vigawe vya 60, uandike mnyororo unaopanda ulio mrefu kuliko yote. Una seti ngapi?
2. Vigawe vya 2, vya 4, vya 8, vya 16 na kuendelea hufanya mnyororo unaoshuka. Je, unakoma? Eleza.
3. Taja wazo moja la hisabati linalotumika kila siku darasani bila kutajwa aliyelianzisha. Je, mtu huyo amepunjwa au ametukuzwa? Jadili.