Timu ya Kanembwa na Mabao Manane

Mtu atokaye Kasulu kwenda Kibondo hupita katika nchi ya juu, yenye vilima na baridi, karibu na mpaka wa Burundi. Ndiyo nchi ya Waha. Katika nchi hiyo mna kambi mbili za Jeshi la Kujenga Taifa: moja ni Mtabila, upande wa Kasulu, ya pili ni Kanembwa, katika wilaya ya Kakonko, ambayo zamani ilikuwa sehemu ya wilaya ya Kibondo. Jeshi hilo lilianzishwa tarehe 10 Julai 1963, ili vijana wajifunze kulima, kujenga, kushika silaha na kutii amri. Kwa hiyo kambi ni kama chuo. Na chuo cha vijana hakikosi mpira.

Basi ninyi mchezao mpira jioni baada ya masomo, fikirini habari ya timu ya Kanembwa katika msimu wa 2015/16, kwa maana ndani yake mna fundisho kubwa.

Mwaka ule timu ya Kanembwa ilikuwa katika Ligi Daraja la Kwanza, ambayo ilikuwa chini ya Ligi Kuu. Timu zilikuwa 24, nazo ziligawanywa katika makundi matatu, kila kundi timu 8. Kila timu ilicheza na wenzake wa kundi mara mbili, nyumbani na ugenini. Jumla yake ni michezo 14. Katika kundi la Kanembwa zilikuwamo timu za Mwanza, Geita, Tabora na Arusha, hata safari zikawa ndefu. Na katika kila kundi ni timu moja tu iliyopewa nafasi ya kupanda Ligi Kuu.

Je, timu mbili zikilingana kwa pointi, ni ipi ipandayo? Hapo huhesabiwa tofauti ya mabao. Kwa mfano, timu iliyofunga mabao 20 na kufungwa 8 ina tofauti ya 12. Iliyofunga 18 na kufungwa 7 ina tofauti ya 11. Ya kwanza hutangulia, ingawa imefungwa zaidi. Hesabu hiyo ni ya haki, maadamu kila bao limepatikana kwa jasho.

Siku ya mwisho ilikuwa katika mwezi wa Februari 2016. Timu za Geita Gold na Polisi Tabora zilikuwa zikishindania nafasi ile moja. Siku hiyo Geita Gold waliwafunga Kanembwa mabao 8 kwa 0, na Polisi Tabora wakawafunga JKT Oljoro mabao 7 kwa 0. Watu waliposikia walistaajabu. Timu kufungwa si ajabu. Lakini mabao mengi namna ile, katika viwanja viwili, siku ile ile ambayo kila bao lilikuwa na thamani, yaliwafanya watu waulizane.

Shirikisho la Mpira wa Miguu Tanzania halikunyamaza. Shauri lilipelekwa mbele ya Kamati ya Nidhamu, na mwezi wa Aprili 2016 hukumu ikatolewa ya kwamba matokeo yale yalipangwa. Geita Gold, Polisi Tabora na Oljoro zilishushwa hata Daraja la Pili. Timu ya Kanembwa, ambayo kwa hesabu ya msimu ilikuwa imekwisha kushuka, ilishushwa tena hata ligi ya mkoa. Watu kadhaa wakafungiwa wasijihusishe na mpira. Nafasi ya kupanda ikapewa Mbao ya Mwanza.

Sasa tazameni jambo hili. Timu ya Kanembwa haikuwa ikigombea ubingwa, mtu angeweza kusema, “Yeye wa chini ana nini cha kulinda?” Lakini alikuwa na amana mkononi mwake, nayo ni haki ya wengine. Wachezaji wa Mbao hawakuwamo uwanjani siku ile, wala hawakuweza kuzuia bao hata moja. Walitegemea uaminifu wa watu wasiowajua. Askari alindaye ghala usiku halindi mali yake, hulinda ya wenziwe waliolala. Mchezaji wa timu ya mwisho naye ni mlinzi wa namna hiyo.

Je, Mbao walistahili nafasi ile? Mwezi wa Mei 2017, katika mwaka wao wa kwanza Ligi Kuu, walifika fainali ya Kombe la Shirikisho mjini Dodoma, wakashindwa na Simba kwa mabao 2 kwa 1 tu. Nao Geita Gold walianza tena chini, hata mwaka 2021 wakapanda Ligi Kuu. Njia ya mwongo ni fupi, husema wazee. Na aliyeipita hana budi kurudi aanze ile ndefu.

Maswali
1. Jeshi la Kujenga Taifa lilianzishwa lini, na kwa kusudi gani?
2. Timu imefunga mabao 23 na kufungwa 9. Tofauti yake ni ngapi?
3. Kwa nini mabao ya siku ya mwisho yalitiliwa shaka?
4. Timu isiyoweza tena kushinda kombe ina wajibu gani kwa timu nyingine?