Jinsia ya Mtoto Tumboni: Ubashiri wa Benchi na Kipimo cha Ultrasaundi

Mjamzito hakai muda mrefu kwenye benchi la kliniki, iwe Tandale au Mwananyamala, kabla hajabashiriwa mtoto. Tumbo likichongoka mbele, wenzake humwambia ni wa kiume. Likitanda pembeni, ni wa kike. Uso ukipauka, husemwa binti amemchukulia mama uzuri wake. Ubashiri huo una raha yake, na kwa kuwa majibu ni mawili tu, karibu nusu ya wabashiri hupata sifa.

Umbo la tumbo hutegemea misuli ya mama, idadi ya mimba alizobeba na jinsi mtoto alivyolala. Mapigo ya moyo nayo hayasemi kitu: ya mtoto wa kike na ya wa kiume huwa kati ya 110 na 160 kwa dakika.

Jinsia huamuliwa mimba inapotungwa. Yai la mama hubeba kromosomu X. Mbegu ya baba hubeba X au Y, na hiyo ndiyo inayoamua. Nettie Stevens wa Marekani alionyesha jambo hili kwa kuchunguza wadudu mwaka 1905. Twalirudia hapa kwa sababu wapo akina mama ambao, mara tu wanapojifungua, huuliza jinsia kabla ya kuuliza hali ya mtoto, kwani nyumbani wanangojewa na lawama za kuzaa binti wa nne. Lawama hiyo haina msingi, wala hakuna mizizi ya kunywa mjamzito itakayogeuza jinsia.

Kwa ultrasaundi, mpimaji huweza kuitambua jinsia kwa uhakika mzuri kuanzia wiki ya 18 hadi 20. Hata hivyo hukosea mara chache, hasa mtoto akibana mapaja au kitovu kikipita katikati yake. Anayenunua nguo mapema na achague nyeupe.

Tatizo ni wale wanaongoja hadi mwezi wa nane ili mtoto “aonekane vizuri”. Mwaka 2016 Shirika la Afya Duniani lilishauri kipimo kimoja kabla ya wiki ya 24, ili kujua umri wa mimba, mapacha na kasoro za mtoto. Kikifanywa katika miezi mitatu ya mwanzo, umri hukosewa kwa takriban wiki moja; katika miezi ya mwisho kosa laweza kufika wiki tatu. Kwa mama asiyekumbuka hedhi yake ya mwisho, daktari atajuaje kama mtoto amepitiliza siku au hajakomaa? Kipimo huonyesha pia mahali lilipo kondo la nyuma. Likionekana karibu na mlango wa kizazi, mama hupimwa tena baadaye, naye aelezwe kwamba akitokwa damu, hata bila maumivu, aende hospitali saa hiyo hiyo.

Basi mhudumu akiulizwa, “Ni wa kike au wa kiume?”, kwanza amweleze mama tarehe ya makadirio ya kujifungua, aiandike kwenye kadi yake ya kliniki, kisha amjibu swali lake.